Mtumbwi Uliolilia Jina

Herufi S ndiyo inayowaumbua wachoraji. Pita mwalo wowote wa wavuvi kando ya ziwa, kuanzia Igombe hadi Kayenze, tazama ubavu wa mitumbwi, utaona S zilizolala chali, S zilizovimba tumbo, nyingine zimeandikwa kinyume kabisa na mwenye chombo anapita nazo mbele za watu bila haya. Kitu kama hicho kinaninyima raha siku nzima. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili. Jumatatu hadi Ijumaa nashika mikono midogo na kuifundisha mwandiko, na mtu angetegemea kwamba Jumamosi ningezipa herufi likizo. Ndiyo kwanza nazifuata. Nina mfuko wa brashi tano, uzi wa kupigia mstari kwa chaki, chupa ya tapentaini na makopo ya rangi ya mafuta, na kila Jumamosi asubuhi nashuka mwaloni Igombe kuandika majina ya mitumbwi. Simtozi mtu. Anayetaka kunipa samaki anipe. Wenzangu shuleni wanasema nina kichaa cha rangi, nami huwajibu kwamba afadhali cha rangi kuliko cha umbea.

Nilipohamishiwa shule ya hapa miaka minne iliyopita, wavuvi hawakutaka hata nisogee. Mwanamke na mtumbwi, walisema, ni mkosi mtupu. Nilikaa mchangani Jumamosi tatu mfululizo nikizikosoa herufi zao kwa sauti, hadi mvuvi mmoja anayeitwa Masalu alipochoka kunisikia. Akanionyesha mtumbwi wake mkuukuu uliokuwa umepinduliwa juu ya magogo.

“Haya Madamu, andika huo. Hauendi popote huo, hata ukiuroga.”

Nikauandika WATASEMA SANA, nyekundu yenye kivuli cheusi, S zote mbili zimesimama wima. Wiki iliyofuata nilikuta watu sita wananisubiri, na mkosi haukutajwa tena.

Kuna jina moja tu ambalo nilikuwa naliandika kwenye daftari na siyo mahali pengine popote. LUHENDE. Ni mdogo wangu, tumepishana miaka miwili. Miaka sita iliyopita alitoka na wenzake wawili upande wa kwetu, Kamanga, kwenda kuvua dagaa, upepo ukawakuta. Mtumbwi ulipatikana. Wenzake walipatikana, wakazikwa. Yeye hakupatikana.

Mama yetu, Kashindye, alikataa matanga. Wajomba walikuja na wembe ili anyolewe nywele, maana ndivyo tunavyofanya kwenye msiba. Akawatazama kwa zamu. “Nanyolewa kwa ajili ya nani? Mmeniletea mwili?” Hawakuwa na mwili. Wakaondoka na wembe wao. Tangu siku ile nyumbani kwa mama neno marehemu halikutajwa. Luhende alikuwa safarini. Nilijifunza kusema “Luhende anapenda ugali wa muhogo” na siyo “alipenda”, na nikikosea mama huacha anachokifanya, akanitazama mpaka nijisahihishe mwenyewe. Daraja la kutoka Kigongo kwenda Busisi lilipofunguliwa, binamu yetu Revocatus alijitolea kumpitisha juu kwa gari, aone maajabu. Mama akakataa. “Juu kule nitaona nini? Mimi nataka kivuko.” Anapovuka kuja Mwanza husimama ukingoni safari nzima, anatazama maji. Nimevuka naye mara nyingi na sijawahi kumuuliza anatafuta nini, kwa sababu hata mimi huwa natazama.

Basi jina lake nililiandika kwenye daftari. Nililiandika kwa herufi nene, kwa herufi nyembamba, zenye kivuli na zisizo na kivuli. Ni jina zuri kwa mchoraji. Halina S. L inakaa mwanzoni kwa utulivu, D inajaza karibu na mwisho, na zile E mbili zinalipa jina mwendo. Nilijua kabisa lingekaaje kwenye ubavu wa mtumbwi wa futi thelathini. Nilijua hata rangi: nyeupe, yenye ukingo wa buluu. Na nilijua siwezi kuliandika.

Mwaka huu, mwezi wa nne, Masalu alishusha majini mtumbwi mpya. Ulikuwa mzuri, mbao zake zimenyooka, na alitaka niuandike mara moja, ila jina alikuwa hajaamua. Mkewe, Selina, anayeanika dagaa pale mwaloni na kuwasema wanaume wote kwa haki, alitaka jina la mama yake. Masalu alitaka jina la timu yake ya mpira. Nikawaambia wakimaliza ugomvi wao waniite.

Hawakuwahi kuumaliza, kwa sababu mtumbwi wenyewe ulianza vituko. Kwanza yalikuwa maji. Maungio yalikuwa yamezibwa kwa pamba na mafuta, kama kila fundi wa huku anavyofanya, lakini maji yakaingia. Yakazibwa tena, yakaingia tena. Kisha injini ikawa inazimika karibu na jabali moja tu, na kwingine kote haina shida. Halafu ikaja sauti.

Niliisikia Jumamosi moja saa tatu asubuhi, jua limewaka, ziwa limetulia kabisa. Mtumbwi ulikuwa umefungwa kwenye maji ya magotini. Sauti ilitoka sakafuni. Mlio wa mbao naujua, hukwaruza. Huu ulianza taratibu, ukapanda, ukakatika katikati kama mtu anayevuta pumzi, ukaanza tena. Wanaume waliokuwa wanashona nyavu hapo karibu waliinuka mmoja mmoja, wakahamia mbali.

Nilimwambia Masalu mbao hazikukauka vizuri. Nikamwambia pengine kuna hewa imenaswa mahali. Mwalimu hakosi maelezo.

“Madamu,” Selina akaniuliza, “wewe umezaa?”

“Wawili.”

“Basi hicho kilio unakijua. Huyu analilia jina.”

Kwetu Usukumani, mtoto mchanga akilia siku baada ya siku, hana homa wala njaa, wazee husema analilia jina. Kuna mtu wa ukoo aliyetangulia ambaye anataka akumbukwe. Mtoto huwekwa kifuani kwa mama yake, majina ya waliokufa yanatajwa moja baada ya jingine, na litakalomnyamazisha ndilo lake. Mimi mwenyewe nililia siku nne mpaka lilipotajwa la bibi yangu. Hili la Modesta ni la ubatizo. Sharti ni moja tu, na halihitaji mzee wa kulieleza. Wanaotajwa ni waliokufa. Aliye hai hatajwi, kwa sababu kumtaja ni kumwita aende waliko hao waliokufa.

Kwamba mtumbwi nao unaweza kulilia jina, hilo sikuwahi kulisikia. Lakini sikucheka.

Tuliingia majini sisi watatu. Masalu alishika ubavu wa kulia, mimi nikashika wa kushoto, Selina akasimama mbele, na kila jina lilipotajwa alichota maji kwa kiganja akayamwaga juu ya omo, ile ncha ya mbele. Masalu alimtaja baba yake. Mtumbwi ukalia. Akamtaja babu yake, kisha kaka yake aliyekufa kwa surua, kisha shangazi. Selina akataja wa kwao, akaanza na mama yake huku anamtazama mumewe kwa jicho la ushindi, lakini mtumbwi haukumpa ushindi huo. Walitaja watu kumi na tisa. Nilihesabu bila kutaka. Kilio hakikupungua hata kidogo, na mimi niliyekuwa nimegusa mbao nilikuwa nakisikia mpaka kwenye viwiko.

“Wafu wetu tumewamaliza,” Masalu akasema. Midomo ilikuwa imemkauka. “Madamu, kwenu je? Tusaidie.”

Nikawataja babu zangu wawili. Nikamtaja bibi, ingawa jina lake tayari ninalo mimi. Hapo ningenyamaza. Ningesema nimeishiwa, ningerudi nyumbani kusahihisha madaftari. Lakini daftari langu lilikuwa kwenye mfuko pale mchangani, mtumbwi ulikuwa mtupu ubavuni, umenyooka, hauna alama hata moja, nami nilikuwa nimelibeba jina hilo miaka sita bila mahali pa kuliweka. Nawaambia ukweli. Sikuwaza juu ya kifo wala uhai. Niliwaza herufi zitakavyokaa.

“Luhende,” nikasema.

Selina akamwaga maji. Kilio kikakatika.

Tulisubiri. Nilimsikia mtu akikohoa mbali kule juu penye chanja za dagaa. Chini ya mikono yangu mbao zilikuwa mbao tu.

“Huyo ni nani?” Masalu akauliza kwa sauti ndogo.

“Ni wa kwetu.”

“Mungu amrehemu,” akasema Selina, nami sikumkosoa.

Niliuandika siku ileile, kabla akili haijanirudia. Mkono wangu haujawahi kutulia vile. Nyeupe, ukingo wa buluu, kila herufi urefu wa mkono wa mtoto. Watu walijaa kutazama, na hata wale mahasidi wanaosema kivuli changu huwa kinazidi walikaa kimya. Nilipomaliza nilirudi nyuma hatua kumi nikautazama, nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi, siwezi kudanganya. Nikaupiga picha, nikaiweka kwenye simu pale ninapoweka kazi zangu zote ili marafiki na ndugu wazione.

Tangu siku hiyo mtumbwi haukuingiza tone. Injini ilipita kwenye jabali inaguruma. Na kilio kikaisha kabisa. Mwalo mzima ulishangilia, Masalu akaniletea sangara ambaye nilishindwa kumbeba peke yangu. Mimi nilikuwa natabasamu huku nimepoa mwilini, maana nilikuwa nimeanza kuelewa nilichokifanya. Kama mtumbwi ulikuwa unalia kwa sababu ya mbao, nilikuwa nimeandika jina tu. Kama ulikuwa unalilia jina, basi ulikuwa umenijibu swali ambalo mama yangu amekataza lisiulizwe.

Jambo ambalo sikulifikiria ni jinsi watu watakavyozungumza. Mtumbwi wenye jina huitwa kwa jina lake. Jumamosi iliyofuata nilikuwa nimepiga magoti nikiandika mtumbwi wa mtu mwingine, nikasikia nyuma yangu:

“Luhende ameingia saa ngapi leo?”

“Kabla jua halijatoka. Amechoka huyo, amebeba ndoo arobaini.”

“Mfungeni vizuri basi. Upepo unakuja.”

Brashi ilinidondoka mchangani. Nilijiambia ni mazoea tu, nitazoea. Sikuzoea. Siku nyingine kulikuwa na ukungu, nikaona jina linatoka kwenye weupe ule linakuja ufukoni, herufi zangu mwenyewe, na watu watatu wamesimama juu yake. Nilikuwa nimeshaingia majini hadi kiunoni, na sketi yangu ya kazini, kabla sijakumbuka kwamba nilichokuwa nakikimbilia ni mtumbwi wa Masalu. Wakanipokea kwa kicheko. Nami nikacheka, kisha nikaenda nyuma ya chanja za dagaa nikalia.

Ndugu walikuwa wameiona picha. Mjomba Ngosha alipiga simu kutoka Misungwi, sauti yake ya upole kuliko kawaida.

“Mpwa wangu, mmefanya vyema. Kimyakimya, lakini mmefanya. Sasa tupange siku ya matanga.”

“Matanga gani, mjomba?”

“Si umeutajia mtumbwi jina lake? Aliye hai hatajwi, Modesta. Maana yake mmekubali. Poleni sana.”

Baada yake walipiga wengine wanne. Wote walikuwa wanashukuru. Miaka sita ukoo mzima ulikuwa umeshikilia pumzi, nami kwa brashi yangu nilikuwa nimewaruhusu kuiachia. Mtu pekee ambaye hakupiga simu alikuwa mama.

Alikuja mwenyewe Jumamosi. Nilimwona akishuka kwenye bajaji pale juu ya mwalo, amevaa kitenge chake cha kanisani, mkoba ameukumbatia. Nikamkimbilia.

“Shikamoo, mama.”

Hakuitikia. Maisha yangu yote mama hajawahi kuiacha shikamoo yangu hewani.

“Yuko wapi?” akauliza.

“Nani?”

“Huyo uliyempa jina la mwanangu.”

Nilimpeleka. Mtumbwi ulikuwa umefungwa majini, umetulia, jina limegeukia ufukoni. Mama alilisoma. Hakusoma sana shule, hulifuata neno kwa kidole, na kidole chake kilikwenda hewani herufi kwa herufi mpaka E ya mwisho.

“Umeandika vizuri,” akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuisifu kazi yangu, na ningetoa brashi zote tano asiseme. “Kwa nini ulimtaja?”

“Nilitaka kuliandika, mama. Nimechoka. Nimechoka kusema anapenda, anapenda. Nilitaka niliandike mahali watu walione.”

“Na huo mtumbwi ulikuwa unalia?”

“Ulilia.”

“Wakataja wangapi?”

“Kumi na tisa wao. Na watatu mimi.”

“Ukamtaja yeye.”

“Ukanyamaza.”

Mama akakaa chini mchangani, kitenge cha kanisani na yote. Wakati huo Masalu na Selina walikuwa wamefika, na Masalu alikuwa amesikia ya kutosha.

“Madamu, uliniambia ni wa kwenu.”

“Ni wa kwetu.”

“Hukuniambia hajazikwa!” Alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki. “Mimi napanda na watu watano humo, kila siku ya Mungu. Umeniweka juu ya jina la mtu asiyejulikana aliko?”

Mama alimnyamazisha kwa mkono tu, kama anavyowanyamazisha wajomba. “Baba, usimgombeze. Lifuteni hilo jina. Kisha tutasikiliza. Mtumbwi ukikaa kimya bila jina, basi siku ile ulinyamaza kwa sababu zake wenyewe, na mwanangu yupo, na huyu dada yake atawapigia simu wote aliowadanganya. Ukilia...” Akarekebisha mtandio wake kichwani, juu ya nywele zake ambazo sasa zimekuwa nyeupe na ndefu.

Masalu hakutaka. Mtumbwi ulikuwa umepona, ulikuwa unampa riziki. Kwa nini autoneshe? Selina ndiye aliyemvuta pembeni. Sikusikia walichosema, niliona tu Masalu akiinamisha kichwa.

Nililifuta mwenyewe. Tuliuvuta mtumbwi ufukoni, nikapaka tapentaini, nikakwangua kwa kisu, nikamalizia kwa msasa. Nilianza na E ya mwisho nikaenda nikirudi nyuma, kwa sababu sikuweza kuanza na L. Ilinichukua saa mbili. Watu hawakujaa safari hii. Mama alikaa palepale mchangani, akitazama vipande vya rangi nyeupe vikidondoka, na kila kikipeperuka alikifuata kwa macho.

Tuliusukuma majini. Kabla Masalu hajasema lolote, mama alivua viatu, akapandisha kitenge, akaingia majini na kupanda ndani. Hakuna aliyetaja mkosi. Alilala kwa ubavu sakafuni, juu ya mbao zenye magamba ya samaki, akaweka sikio lake chini. Mimi nilisimama kwenye maji ya kiunoni nimeushika ubavu, palepale nilipokuwa nimefuta, mbao bado zina joto la msasa.

Kikaanza.

Kilianza taratibu, kikapanda, kikakatika, kikaanza tena. Hakikuwa cha kubahatisha. Kilinipita viganjani, kikapanda hadi mabegani. Masalu, upande wa pili, alivua kofia yake akaishikilia kifuani. Selina aligeuza uso. Nilitaka kusema ni mbao. Nilikuwa nayo maelezo, kwamba rangi ilikuwa imeziba ufa na sasa ufa umefunguka, maelezo mazuri ya darasani, lakini nilizidi tu kuushika ubavu.

Mama alikaa vile muda mrefu. Kisha akainuka, akajifuta shavu lililokuwa na maji na magamba.

“Kimya,” akasema.

Tulimtazama. Mtumbwi ulikuwa unalia chini yake.

“Kimya kabisa. Mmesikia?” Alikuwa anatabasamu, akitugeukia mmoja baada ya mwingine. “Mwanangu yupo.”

“Kimya, mama,” akasema Masalu.

“Hakuna kitu,” akasema Selina.

Walinisubiri mimi. “Kimya, mama,” nikasema, na hiyo ndiyo dhambi kubwa niliyowahi kutenda, na ningeitenda tena.

Selina alitukaribisha kwake, ni hatua chache tu juu ya mwalo. Alitupa sangara wa kukaanga, ugali na chai. Mama alikula. Miaka mingi sijamwona anakula vile. Alimuuliza Selina bei ya dagaa, alimuuliza Masalu kama watoto wanasoma, alisimulia jinsi Luhende anavyoogopa kuku. Sote tulicheka kwa nguvu, nami nikamuuliza Masalu kuhusu timu yake, yeye aliyekuwa hana hamu ya kuongea nami, akanijibu kwa maneno mengi. Tuliongea kwa sauti ya juu, sote wanne, hakuna aliyemwachia mwenzake amalize. Kwa sababu kila tulipopumzika kilio kilitufikia. Kilitoka majini, kikapita kwenye chanja, kikaingia mlangoni. Hakikuchoka. Saa saba kikaingia, saa nane kikaingia. Selina aliwasha redio. Betri zilikuwa zimekwisha.

Karibu saa tisa nikamwambia mama kwamba tusipoondoka tutachelewa kivuko. Akasema ndiyo. Hakuinuka. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, chai imeshapoa, na kichwa chake ameinamisha upande mmoja, upande wa ziwa. Nilianza kusema jambo juu ya foleni ya pale gatini, jambo lolote, nikaona hanisikilizi. Nikanyamaza. Masalu akanyamaza. Tukakaa sote tukisikiliza, kwa mara ya kwanza tangu tuingie.

Mama akaweka kikombe chini. Akavua mtandio, akaukunja vizuri, akauweka juu ya mapaja yake.

“Modesta.”

“Abee, mama.”

“Chukua rangi yako ukamrudishie jina lake. Mtoto haachwi akalia mchana kutwa na mama yake yupo.”